Pasi ya Mama Odila

Kabla hamjanicheka, jueni kwamba nimefundisha fizikia miaka kumi na minane.

Mama Odila, mshonaji jirani yangu hapa mtaani Kamalondo, alinunua pasi kuukuu iliyofutika maandishi. Akaniuliza kama waya wake mwembamba, wa kuhimili ampea tatu, utaiweza. Jioni nilienda na kipimo changu, nikakunja uso kama daktari. Volti mia na kumi, ampea mbili. Nikagawanya: ukinzani, omu hamsini na tano. Nikazidisha: wati mia mbili na ishirini tu.

"Mama, piga pasi bila woga," nikasema. Hata chai yake nilikunywa.

Asubuhi waya uliyeyuka, ukawasha nguo alizoshonea familia nzima kwa misa ya kumaliza kilio cha mume wake. Majirani waliuzima moto kwa ndoo, lakini nguo zilikuwa zimekwisha.

Niliulaumu waya, nikamlaumu aliyemuuzia. Mama Odila alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, ulipima saa gani?"

"Mangaribi."

"Saa ile bantu bote beko banapika, courant inashuka nusu. Asubui inarudia yote. Haukujua?"

Nilijua. Kila jioni mtaa mzima ukiwasha majiko ya umeme, taa yangu mwenyewe hufifia kama kaa la moto.

Nikapiga hesabu upya kimoyomoyo. Omu zilezile, volti mia mbili na ishirini: ampea nne, wati mia nane na themanini. Safari hii jibu lilikuwa sahihi, nami nimesimama juu ya majivu ya nguo zake za kilio.