Ukuta Aliokandika Baba

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa mtumishi wa studio ya picha mjini, na kila Jumapili tajiri wangu aliniazima kamera yake kuukuu. Wenzangu walipiga picha wachumba zao. Mimi nilipiga picha maghala. Nilitoka na baiskeli chumbani kwangu Kinondoni, nikaingia mashamba ya minazi ya Mikocheni, na nguvu zikiwepo nikafika hadi Mbweni, kutafuta maghala ya zamani ya mbata, zile nazi zilizokaushwa: makuti yameoza, mlango umelala upande, udongo umebanduka na fito ziko nje kama mbavu.

Jirani yangu alinicheka. "Unapiga picha nyumba zisizo na watu. Nani atazinunua?"

Mimi mwenyewe sikuwa na mtu. Mama sikumjua, na baba alifariki nikiwa mdogo, bila kuacha picha hata moja. Sura yake ilikuwa imeanza kunitoka kichwani, na hilo liliniogopesha kuliko upweke wenyewe.

Baba alikuwa fundi wa kukandika kuta za udongo, na maghala mengi ya upande ule aliyakandika yeye. Kidole chake cha kati cha mkono wa kulia kilikatwa na panga. Kwa hiyo mkono wake ulipopita kwenye udongo mbichi uliacha mstari mmoja, pengo, kisha mistari miwili. Nilikuwa nikikaa kando nikiitazama inavyotokea. Hiyo mistari ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

Niliiona Mikocheni, Jumapili moja yenye jua kali, chini ya upenu ambako mvua haikufika. Mstari, pengo, mistari miwili, ukuta mzima. Niliweka vidole vyangu humo na machozi yakanitoka. Filamu ilikuwa imekwisha.

Ghala lile lilitunzwa na bibi mmoja aliyeishi peke yake nyumba ya pili. Nikapiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu."

Nikamwomba nije Jumapili inayofuata kulipiga picha ghala lake. Akalitazama, akanitazama.

"Ghala hili bovu?"

"Hilo hilo, bibi."

Sikumweleza zaidi. Ndiyo kwanza tunaonana, na sikutaka kumlilia mtu mlangoni pake. Wiki ile nilifanya kazi nikiimba, mpaka tajiri akaniuliza kama nimeposa.

Jumapili ilipofika niliona weupe kwa mbali, katikati ya minazi. Nikadhani nimepotea njia. Bibi alikuwa amesimama mbele ya ghala, kajifunga kanga mpya, uwanja umefagiliwa, mikono yake bado ina chokaa.

"Sie tuko tayari," akasema. "Mie niliona haya, mjukuu wangu. Utoke mjini kote huko, uje upige picha ukuta uliojaa mikwaruzo ya vidole? Nimeziba yote kwa udongo, ndipo nikapaka chokaa. Mgongo wote unaniuma."

Nilipandwa na hasira, sitaficha. Nilitaka kuitupa kamera na kuondoka. Lakini kazi yangu studio ilikuwa nini? Kuwapaka wateja poda, kuwavika koti la studio, kuwashikisha saa isiyo yao. Kwetu mtu hapigwi picha alivyo, hupigwa alivyojiandaa. Bibi alifanya kama ninavyofanya mimi kila siku, tena mimi nalipwa, na yeye aliuvunja mgongo wake kwa ajili ya mgeni.

"Limependeza?" akauliza.

"Limependeza sana, bibi. Simama hapo karibu na mlango."

Akasimama, akakaza uso kama wanavyokaza wote. Nikapiga moja tu. Akanipa dafu, nikanywa, nikaaga. Njiani nililia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kunisikia, na kurudi Kinondoni siku ile kulikuwa mbali kuliko siku zote.

Baada ya hapo sikupiga tena picha maghala. Ile ya bibi ninayo, iko ukutani kwangu, na anayeingia huuliza kama yule ni bibi yangu mzaa baba. Zamani nilikuwa nakataa. Siku hizi naitikia, kisha namwonyesha ule ukuta mweupe nyuma yake, nasema, na baba yangu huyu hapa.