Kipimo cha Shaba cha Mzee Vrabel

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Ardis Vrabel ameshika kabureta mkono wa kushoto na simu mkono wa kulia, na wala hamalizi kazi ya mkono wowote. Anapuliza koo la kabureta, tundu la kupitishia hewa ya injini, anachungulia simu. Anaweka bisibisi mezani, anachungulia tena. Kahawa yake imeshapoa.

"Wameamka," anasema. "Hivi watu hawa hawana wake wa kuwaambia wanyamaze?"

Anaowasema ni wanachama wapatao elfu tisa wa kundi la mtandaoni liitwalo Robo Maili ya Haki. Wengi ni wanaume wastaafu, na kazi yao ya uzeeni ni kubishana kuhusu magari ya misuli, yale ya Kimarekani ya mwishoni mwa miaka ya sitini yenye injini kubwa kuliko akili ya dereva. Ubishi ni ule ule: gari lipi, likiwa vilevile lilivyotoka kiwandani, lilimaliza robo maili kwa sekunde ngapi. Wa Ford huwacheka wa Pontiac, wa Pontiac huwacheka wa Dodge, na wote huungana kumcheka mtu asiye na karatasi ya muda, ile inayotolewa mnarani uwanjani kila gari linapomaliza. Huna karatasi, huna la kusema.

Ardis ana miaka 58. Hutengeneza kabureta za zamani katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yake karibu na Wabash, jimbo la Indiana. Kazi aliirithi mwaka 2003 kwa baba yake, Leland, pamoja na benchi, mashine ya kukereza na kipimo kimoja cha shaba cha ukubwa wa kidole gumba. Kipimo hicho kikiingia kwenye koo la kabureta bila kulegea, koo ni sawasawa na la kiwandani. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofanya kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kabureta moja humpatia dola 425. Zamani alikuwa akipokea nne kwa wiki. Kuanzia Mei, kundi lilipoanza kumtilia shaka, alipokea moja, na wiki nyingine hakupata kitu.

Mwezi huo wa Mei, mteja wake Garland Stroup, fundi bomba asiyejua kunyamaza, alikimbiza Pontiac yake ya mwaka 1970 kwa sekunde 12.94, tena kwa matairi membamba ya kizamani. Akaipiga picha karatasi, akaiweka kundini na kuandika chini yake: "Kabureta ni ya Vrabel. Semeni sasa."

Wakasema.

"Kumi na mbili? Labda lilikuwa linateremka mlima."

"Na shemeji zake wanne wanasukuma."

"Waambie wapime tena na breki ya mkono ikiwa imefungwa."

Ardis aliwajibu wote, mmoja mmoja, hata waliokuwa wanatania. Anakiri kwamba huo ni ugonjwa. "Mtu akisema uongo kuhusu siasa naenda kulala," anasema. "Akisema uongo kuhusu kabureta, siwezi hata kula."

Yupo mmoja ambaye hakutania. Duane Tillotson, miaka 71, aliyekuwa msambaza barua huko Kentucky, huandika kundini kwa jina la Matairi Membamba. Hatukani, huuliza tu. Mwezi Julai alimuuliza Ardis makoo ya kabureta anayapimaje. Ardis akajibu kwa majivuno kwamba anatumia kipimo cha shaba alichochonga baba yake mwaka 1970.

Tillotson akaandika: "Na hicho kipimo, dada Ardis, nani alikipima?"

"Angenitukana ningelala vizuri," anasema Ardis. "Lile swali lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni."

Halikuwa swali dogo. Kila Agosti, kwenye uwanja wa Sugar Fork, gari lililoongoza msimu hufunguliwa injini mbele ya watu na kupimwa kila kitu. Safari hii lilikuwa gari la Garland. Kwenye ukuta wa klabu uwanjani hapo kumeandikwa kwa rangi nyekundu: L. Vrabel, 1971, sekunde 12.96. Ndiye aliyekuwa wa kwanza katika wilaya kushuka chini ya kumi na tatu bila kugusa injini. Jina hilo ndilo lililomletea Ardis wateja.

Siku nne kabla ya Jumamosi ya kufungua injini, alipanda kwenye rafu akashusha sanduku lenye kabureta ya 1970 ambayo haijawahi kufunguliwa. Katika kundi wanaliita sanduku lake "bikira", na kuna mtu wa Ohio aliyekuwa tayari kulinunua kwa bei ya gari dogo. Likishafunguliwa, thamani yake ni ya kabureta yoyote. Ardis akakata utepe wa gundi kwa kisu cha jikoni.

Akachukua kipimo cha shaba, akakiteremsha kooni. Kikagoma kuingia.

Akajaribu tena. Akafuta shaba kwa kitambaa, akafuta na koo. Kikagoma. Akaleta vyombo vya kisasa vya kupimia, navyo vikamwambia asichotaka kusikia: kipimo ni kikubwa kwa sehemu ishirini kati ya elfu za inchi, yaani unene wa karatasi tano za daftari. Ni kidogo kwa macho, lakini hewa ya ziada inayopita hapo ni ubingwa mtupu.

Akaketi sakafuni. Kwa miaka yote, karibu kila kabureta iliyoletwa ilikuwa na koo dogo kuliko kipimo, naye alidhani ni uzee wa chuma. Baba ndiye aliyemwambia hivyo: chuma kizee hujikunja. Basi akawa anachonga kidogo kidogo hadi kipimo kiingie, huku akijiona anairudishia haki yake.

"Mtu mwenye akili angeuliza mbona zote zimekosea na kipimo kimoja tu ndicho kimepatia," anasema. "Mimi sikuuliza. Kilikuwa cha baba."

Kesho yake alikwenda kwenye nyumba ya wazee anakoishi Leland, mwenye miaka 84, akiwa amembebea pai ya malai.

"Baba, kile kipimo cha shaba ulikichonga kwa kufuata nini?"

"Pai ya nini hiyo?"

"Ya malai. Nijibu."

"Malai daktari kanikataza."

"Baba!"

Mzee akala vijiko vitatu, bila haraka. "Nilikichonga kwa kufuata kabureta yangu."

"Kikubwa."

"Kidogo tu. Karatasi tano."

Ardis anasema hapo ndipo alipotambua kwamba mzee alijua siku zote, kwa sababu yeye hakuwa ametaja idadi.

"Na ukanipa nikifanyie kazi?"

"Nilidhani utakipima. Fundi hukipima kipimo chake."

"Usinigeuzie kibao, baba!"

"Sikiliza, we mtoto. Wote walikuwa wanachonga. Mimi nilikuwa wa mwisho kuchonga."

"Ukutani wameandika jina lako, hawakuandika lao."

Mzee akaisukuma sahani. "Basi nizike kwanza. Ukishanizika, futa unavyotaka."

Ijumaa asubuhi Ardis aliandika kundini. Maneno hayakuwa mengi: kipimo chake ni kikubwa, kila kabureta aliyoitengeneza tangu 2003 ina kosa hilo, zirudishwe azirekebishe bila malipo, Tillotson aliuliza sawasawa. Mwishoni akaongeza kwamba muda wa baba yake ulioandikwa ukutani nao si halali. Sentensi hiyo moja, anasema, ilimchukua saa mbili.

Kundi likalipuka. Wapo waliomwita shujaa, wapo waliomwita mwizi, na wapo zaidi ya sitini waliokuwa wakitamba kwa kabureta zake, ambao ghafla waligundua kuwa karatasi zao za muda ni za kufungia maandazi.

Jumamosi gari la Garland lilifunguliwa, likapimwa, likaondolewa kwenye orodha. "Umenivua nguo mbele ya watu, Ardis," alisema Garland. Hakumuaga.

Tillotson naye alikuwa ameendesha gari kwa muda wa saa nne kufika. Ni mtu mwembamba, mwenye haya, asiyefanana na maandishi yake.

"Dada Ardis, nilitaka kushinda ubishi tu. Sikutaka haya."

"Ungeniuliza kwa ubaya kidogo, mzee wangu, ningekupuuza."

Alasiri hiyo walileta rangi nyeupe na ngazi. Ardis ndiye aliyeishika ngazi wakati jina la baba yake linafutwa. Tangu siku hiyo Leland hapokei simu yake. Wahudumu humwambia amelala, hata saa tano asubuhi.

Sasa ni Septemba, na kabureta zinarudi kwa posta, tatu, nne kwa siku. Ardis anavisha kila koo pete nyembamba ya alumini na kulirudisha kwenye ukubwa wake wa kweli. Wateja wapya hakuna. Hatulii. Akikaa dakika tano anasimama, anaenda bandani, anafunua turubai, anarudi.

Chini ya turubai ipo Pontiac ya Leland yenyewe, ile aliyoikimbiza mwaka 1971, ambayo haijawashwa tangu 1988. Ameshabadilisha mipira ya mafuta na breki. Kabureta iliyotoka kwenye lile sanduku ameifunga bila kuichonga hata unywele. Oktoba, hewa ikipoa, ataipeleka Sugar Fork na kuiendesha mwenyewe, ajue mzee angepata ngapi kama asingechonga.

Kundini tayari wanabishana. Tillotson ametabiri 13.15. Garland, aliyekuwa kimya mwezi mzima, ameandika 13.02 na kusema atakuja kushuhudia. Ardis mwenyewe hajataja namba yake, na akiulizwa hugeuza uso.

"Ikitoka kumi na mbili, alichonga bure, na itaniuma maisha yangu yote," anasema. "Ikitoka kumi na tatu, basi ni kumi na tatu. Vyovyote, karatasi nitampelekea. Anaweza kukataa kuniona, nitaipitisha chini ya mlango. Ataisoma. Baba yangu hajawahi kupewa karatasi ya muda akaacha kuisoma."