Ukungu Ulioshuka Juu ya Maji ya Chai

Shule zikikaribia kufunguliwa mwezi wa saba, sisi tunaoshona sare hatupati usingizi. Nyumba yangu ya Sekei hujaa vitambaa vya kijani na bluu mpaka kitandani, na kila mzazi anayebisha hodi anataka sketi ya mwanawe leo hii. Mwaka huu, mteja wa mwisho alipochukua nguo zake, nilimwambia mume wangu Idi kwamba sitaki kuiona cherehani mpaka Jumatatu. Binti yetu Salma, wa miaka minne, alikuwa ameshinda majuma hayo yote chini ya meza yangu akicheza na vifungo. Mdogo wake Yunusi, ambaye bado ananyonya, alikuwa amezoea kulala kwa mlio wa mashine. Niliwaonea huruma.

Idi ni fundi wa mafriji. Kazini ana rafiki yake Mmeru, Elibariki, ambaye kila mara humwambia, "Peleka familia kwa mama yangu bwana. Kuna hewa, kuna maziwa, watoto watakimbia." Kwao ni juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, karibu na msitu wa Mlima Meru. Si mbali; unakunywa chai nyumbani na kabla ya chakula cha mchana umeshafika. Tukapanga kwenda Jumamosi na kurudi Jumapili.

Jumamosi asubuhi tulitoka na gari dogo la Idi, Salma amekaa nyuma amekumbatia sweta yake. Kimandolu tulisimama kununua sukari, majani ya chai na mikate, maana huwezi kwenda kwa mama wa watu mikono mitupu. Mlima Meru ulikuwa wazi siku ile, mweusi juu, hauna hata wingu. Tulipopita Tengeru Salma akasema, "Baba, mlima unatufuata." Idi akacheka, akamwambia autazame vizuri usije ukatupita.

Maji ya Chai tuliacha lami, tukaanza kupanda. Baada ya muda mfupi kelele za mabasi ya barabara kuu zilikatika. Kushoto na kulia ilikuwa migomba na kahawa, na udongo mwekundu uliolowa ingawa mvua haikuwa imenyesha. Tulipishana na akina mama waliobeba majani ya ng'ombe. Walitusalimia kwa kuinua mkono na kutabasamu, bila kutoa sauti. Nilidhani ni ustaarabu wa watu wa huko. Mwishowe gari lilianza kuteleza, tukaliacha mahali palipo tambarare, tukamalizia kwa miguu.

Mama Elibariki alitupokea uani, mwanamke wa makamo mwenye mwili, amevaa buti za mpira na kitambaa kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni, karibuni sana. Hawa ndio wajukuu zangu wa mjini?" Akamnyanyua Salma, akampima uzito kama anayepima mbuzi, akacheka. Kisha akamwonyesha Idi jogoo aliyefungwa mguu karibu na jiko. "Baba Salma, huyu nimemwacha hai kwa ajili yako. Mchinje mwenyewe, mle kwa amani."

Jambo lile lilinigusa sana. Tulikula kwanza loshoro, ndizi zilizopondwa na maziwa ya mgando, na Salma aliyezoea kukataa chakula aliomba tena. Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la ng'ombe na ndama mmoja mdogo. Nyuma ya banda palikuwa na migomba, kisha ua wa masale, ile mimea ya majani marefu inayopandwa mipakani, na ng'ambo ya ua ardhi ilikatika ghafla: korongo refu, lenye mto ambao unausikia lakini huuoni.

"Mtoto asivuke masale," Mama Elibariki aliniambia. Salma naye alimwambia, akiwa amemshika kidevu: "Umesikia, bibi yangu? Mwisho wako ni masale."

Alasiri Idi alishuka kuchukua mabegi yaliyobaki garini. Mimi na mwenyeji wangu tulikaa barazani tukimenya ndizi za kupika pamoja na yule jogoo, ambaye Idi alikuwa ameshamchinja, Yunusi kalala mgongoni kwangu ndani ya kanga. Salma alikuwa bandani akimlisha ndama majani. Nilikuwa namwona.

Ukungu ulianzia msituni. Mjini tunaujua ukungu wa asubuhi wa mwezi wa saba, ule mwepesi unaoondoka jua likitoka. Huu ulikuwa mzito, na ulishuka bila upepo. Miti ya juu ilipotea, halafu migomba, halafu kuku waliokuwa uani wakakimbilia ndani pamoja, kimya. Nilisimama nikaenda bandani kumchukua mwanangu. Ndama alikuwepo, na majani yalikuwepo. Salma hakuwepo.

"Salma!" niliita.

Sauti yangu ilikwenda, ikarudi kutoka mbali huko chini. Nikaita tena kwa nguvu zaidi. Nilipofungua mdomo kuita mara nyingine, kiganja kilicholowa utomvu wa ndizi kilinibana midomo. Mama Elibariki alikuwa amenifikia.

"Nyamaza. Usimwite tena."

Nilidhani amerukwa na akili. Nilijitikisa, hakuniachia.

"Sauti yako inaingia korongoni, inatokea upande wa pili," akaninong'oneza. "Mtoto ataifuata huko. Nyamaza, mama."

Nikanyamaza. Nilisikia mto tu. Kisha, kutoka kule chini, nyuma ya masale, mtu akaita:

"Salma! Njoo, mama. Njoo huku."

Ilikuwa sauti yangu. Sisemi ilifanana na yangu. Kila mtu anajua anavyoita watoto wake, pale anapovuta neno na pale anapolikata, na huyo alivuta ninapovuta mimi na kukata ninapokata. Lakini sikuwa nimesema "njoo". Kiganja cha Mama Elibariki kilikuwa bado mdomoni mwangu.

Nilimtazama usoni. Hakushangaa. Aliniachia, akaingia jikoni haraka, akatoka na mfuniko wa sufuria na mwiko wa mti, akaanza kugonga. "Ukungu ukishuka, huku hatuitani," alisema. "Tunagonga."

Idi alitokea akikimbia, mabegi mabegani. "Nakuja, nakuja! Kuna nini? Umeniita nikadhani uko kule kwenye korongo." Akasita. Alinitazama nilipo, akatazama kule ilikotoka sauti.

"Salma haonekani," nilimwambia. "Na mimi sijakuita."

Alitupa mabegi akaelekea kwenye masale. Mama Elibariki alimdaka shati. "Usishuke, baba. Huoni hata miguu yako. Ukianguka, nani atamtafuta mtoto? Chukua ndoo ile, ugonge."

Nimewahi kungoja mengi maishani, lakini sijui kungoja kunakofanana na kule. Mwili wote unataka kukimbia, na umeambiwa usimame mahali pamoja ugonge ndoo. Idi aligonga huku midomo ikicheza. Nilijua anasoma Ayatul Kursi. Mimi nilimnyang'anya mwenyeji wetu mfuniko na mwiko, nikagonga mpaka mfuniko ukapinda. Na katikati ya mapigo ile sauti iliendelea kuita, taratibu, kwa upole, kama mama asiye na wasiwasi wowote. "Salma. Njoo huku, mama."

Yunusi aliamka mgongoni. Nilimsikia akiinua kichwa, akageukia upande wa korongo. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kunipokea nikirudi kutoka sokoni.

Niligonga kwa nguvu zaidi ili asisikie.

Salma alitoka kati ya migomba akitembea polepole, goti moja lina tope. Hakuwa analia. Alinijia, akasimama hatua chache mbele yangu, akanitazama usoni, akamtazama Yunusi mgongoni, ndipo akanishika mguu. Sauti ya kule chini ilikatika palepale. Idi alikaa chini kwenye udongo, ndoo ikiwa bado mkononi.

Jioni tulimla jogoo na ndizi karibu na moto. Tulipomaliza kula Idi akauliza, "Mama, kile ni kitu gani?"

"Mchungaji wetu anasema ni mwangwi. Korongo linarudisha sauti."

"Na wewe unasemaje?"

Mama Elibariki alisogeza kuni motoni. "Mimi nimeolewa hapa nikiwa msichana. Mama mkwe alinipa mfuniko, akaniambia nigonge. Sikumwuliza."

Idi alishikilia kwamba ni mwangwi. Nilimwambia mwangwi hurudisha ulichosema. Tuliwalaza watoto katikati yetu, na yeye ndiye aliyelala upande wa dirisha.

Jumapili asubuhi kulikuwa kweupe pe, Kilimanjaro inaonekana kwa mbali utadhani jana hakukuwa na kitu. Kabla ya chai mimi na Idi tulikwenda nyuma ya banda. Udongo laini ulikuwa umehifadhi alama za ndala za Salma. Zilipita kati ya migomba, zikapita kwenye mwanya wa masale, zikaenda moja kwa moja mpaka mahali ambapo ningeweza kunyoosha mkono nikagusa hewa ya korongo. Hapo majani yalikuwa yamelala kwa umbo dogo la duara. Alikuwa ameketi. Kisha alama zikageuka zikarudi nyumbani. Tulitafuta alama nyingine, za mtu mzima, za mnyama, za chochote. Zilikuwa za kwake tu.

Mwenyeji wetu alitufungia maziwa na mkungu wa ndizi, akatusindikiza mpaka kwenye gari. "Mje tena," alisema, na nilijua anamaanisha. "Ila mje asubuhi, mchana mle, jua likiwepo muondoke." Gari lilipoanza kushuka nilimtazama nyuma. Aliinua mkono tu.

Tulipoingia Sekei, muziki wa jirani na honi za bodaboda vilinifurahisha kama sikukuu. Nilimkalisha Salma kwenye kigoda uani, nikaweka beseni la maji ya vuguvugu, nikaanza kumsugua tope la miguu. Hapo ndipo nilipothubutu kumwuliza.

"Salma, jana uliponisikia nakuita kule chini, mbona ulikaa?"

"Nilikuuliza, umembeba Yunusi?"

"Nikasemaje?"

"Ukasema ndiyo."

Niliendelea kusugua. "Halafu?"

"Nikasema, mfanye alie nimsikie." Alikuwa anacheza na povu. "Akalia. Lakini Yunusi alilia kwa sauti yako. Ndiyo maana nikakaa."

Nilimaliza mguu ule, nikaosha wa pili, nikamfuta kwa kanga niliyojifunga, maana taulo ilikuwa ndani na sikutaka kumwacha pale peke yake.

Wenzangu wameniuliza kama nitawapeleka watoto tena. Nitawapeleka. Kule kuna ukarimu ambao sijauona mahali pengi, na mtoto wangu alikula akashiba. Nilichojifunza ni kidogo, lakini nakishika: nikimhitaji mtoto simwiti kutoka jikoni, naacha nilichoshika namfuata alipo. Idi anasema nimezidisha. Siku nikijisahau nikamwita Salma kutoka chumba kingine, haitikii. Anakuja kimya mpaka mlangoni, ananitazama usoni kwanza, na akiridhika ndipo anasema, "Abee, mama."