Jiwe la Chisanga

Mama Edith alifika karakana ya Kapinga ya kung'arisha mawe, huko mtaani Katuba, akiwa amekata shauri: anamchukua mwanawe kabla hajafukuzwa. Chisanga amepita miaka thelathini, lakini akili yake huenda polepole, na maneno humtoka moja moja. Kwenye mkahawa alikoosha sufuria walimcheka hadi akagoma kula. Mama hakutaka kuyaona tena yale. Na majirani, watu ambao kazi za wenzao huwakosesha usingizi, walishampasha habari: mtoto wako tangu juzi anahangaika na jiwe moja tu.

Kweli, alimkuta na jiwe hilo hilo. Chisanga ameinamia beseni la maji, anasugua malakiti, jiwe la kijani la mapambo, kwa msasa, analichovya, analigusisha shavuni kusikia kama bado linakwaruza, kisha anaanza upya.

"Leta, baba, nikusaidie," mama akasema, akalitwaa. Ndivyo alivyozoea. Vifungo vya shati alimfungia yeye, sentensi alimmalizia yeye, barabarani alimshika mkono yeye.

Chisanga akalichukua tena mkononi mwa mama, taratibu, bila hasira.

"Haiyaisha, mama. Ngoja."

Mama Edith akaduwaa. Tangu amzae, hakuwahi kuambiwa ngoja na Chisanga.

Kapinga, mwenye karakana, hakuinua hata kichwa. "Ikala, mama. Hapa hatukamataka jiwe mu mikono ya muntu. Mwenyewe ndiye anasemaka imeisha. Hata miye ninangojaka."

"Na kama anakawia?"

"Anakawia. Angalia tu."

Akakaa, akaangalia. Chini ya vidole vile vinene, vilivyochapwa shuleni kwa kushindwa kushika kalamu, kijani kikaanza kujitokeza: duara ndani ya duara, jeusi, hafifu, jeusi tena, mpaka katikati. Mwili ukamsisimka mama kama kanisani padri anapoinua hostia. Miaka yote alidhani anamjua mtoto huyu. Aliogopa hata kukohoa.

Chisanga akaligusisha jiwe shavuni mara ya mwisho, akalifuta, akaliweka mezani. "Imeisha." Kapinga akalipokea bila kulikagua.

Mama akasimama, akanyoosha mkono ili waende. Chisanga alishaingiza wake ndani ya gunia, anachagua jiwe jingine.

"Enda, mama. Nitakuya miye mwenyewe, mangaribi."

Mama Edith akatoka peke yake, machozi yanamtoka na huku anacheka. Alipofika barabarani ndipo alipoona kuwa mkono hajaushusha.