Shikamoo Niliyomnyima Gavana

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku mzee mmoja Mwingereza aliponiuliza kama najua Kiswahili, nami nikamjibu kwa Kizulu, "Cha, angazi," yaani sijui. Sijui, eti! Mimi niliyenyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama.

Ilikuwa Johannesburg, miaka michache baada ya weusi wa huku kupiga kura kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemfuata mume wangu, mpigania uhuru aliyeishi kwetu uhamishoni, nikapata kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Wakati ule mtu wa kutoka kaskazini hakujitangaza. Ukifungua mdomo tu, unaulizwa utarudi kwenu lini. Kwa hiyo kazini niliuficha ulimi wangu, kama wengi walivyofanya.

Mzee yule alikuwa gavana. Ndiyo, gavana wa kikoloni, mwenye kofia ya manyoya. Alianza akiwa kijana, bwana shauri wa kutembea kwa miguu na wapagazi; akapanda vyeo, akatawala nchi yetu, kisha nyingine, na alipostaafu akahamia huku kwa wakweze. "Kila ninapohamia, bendera inashushwa," aliwaambia wauguzi, akacheka peke yake. Mke kafa, watoto wako Ulaya, hakuna aliyembishia hodi. Basi akawa anazungumza Kiswahili na ukuta. Nami namlisha uji, nasikia kila neno, uso mkavu.

Sikunyamaza kwa woga tu. Babu yangu, Mzee Mbaruku, alikataa amri ya kulima matuta, akachukuliwa na askari na kuhamishiwa mbali kwa amri ya gavana. Hakurudi. Bibi yangu alikuwa bado hai, kikongwe, hana kaburi la kuzuru. Alichokitaka duniani ni kimoja: kujua mumewe kalazwa wapi.

Asubuhi moja, namvalisha soksi, gavana akauambia ukuta, "Mbaruku alikuwa mtu wa kweli. Nilitia sahihi ahamishwe. Nilikosea." Nikamvalisha soksi ya pili, nikatoka.

Jioni nikamsimulia Mama Furaha, fundi cherehani Mkongo tuliyepanga naye katika ghorofa moja kule mtaa wa Berea, mtu wa rika la mama yangu. Alisimamisha cherehani.

"Na weye ukanyamaza? Kesho umuulize."

"Nimwamkie shikamoo yule? Mama, siwezi."

"Mutoto, adui akikamata ufunguo ya mulango yako, unamuomba ufunguo. Haiko kumupenda. Ni kusudi utoke inje."

Alisema kweli, nami nilijua. Lakini kiburi cha ujana! Nikasema moyoni, acha naye angoje kidogo, bibi kangoja maisha mazima. Kila asubuhi alikuwa akiuliza kama yupo ajuaye Kiswahili, na kila asubuhi nilipita na beseni langu. Na nilifurahia, nisikufiche. Nilidhani namwadhibu gavana, kumbe adhabu yote inampata bibi.

Kisha Jumatatu moja nikakuta wauguzi wamezunguka kitanda. "Eish, dada, mzee kapigwa na kiharusi," mwenzangu akaniambia.

Waliporuhusu aonwe, niliingia, nikafunga mlango, nikapiga magoti. "Shikamoo, Bwana Gavana. Mimi ni mjukuu wa Mbaruku."

Macho yakamjaa machozi. Mdomo uliopinda ukahangaika, hadi ukatoa neno. "Marahaba."

"Babu yangu alizikwa wapi?"

"Marahaba."

"Mji gani, bwana? Nitajie mji tu."

"Marahaba, marahaba," huku amenibana vidole kwa mkono wake mmoja uliokuwa na nguvu. Ndilo neno pekee kililomwachia kiharusi. Jibu alikuwa nalo, nilimwona machoni, na halikutoka. Alikufa kabla ya mvua. Bibi naye akafuata, angali anauliza, na mimi sikupata ujasiri wa kumwambia.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuambii umsamehe aliyekuonea. Hilo ni lako na Mola wako, na mimi hadi leo sijui kama nilimsamehe yule mzee. Nakuambia uliza. Huenda aliyewaumiza watu wako ndiye pekee aliyebaki na habari zao, na kifo hakimngojei mtu apoe hasira. Wala usiufiche ulimi wako. Mficha uchi hazai. Kama kuna mzee unayemnunia, nenda kwake leo, mwamkie, uchukue kilicho chako.

Mola akupe wepesi wa kubisha hodi, na kila utakayemwendea umkute hajakata kauli. Amina.