Ming'oko ya Mama Fakihi

Mwaka ule mvua ilipowakimbia watu wa Newala, mtama ukakauka shambani na mihogo ikang'olewa kabla haijajaza, Stamili, mjane, alibaki na vitu viwili: mwanawe Fakihi, na siri. Siri yenyewe ilikuwa mteremkoni, nyuma ya vichaka vya miiba, mahali palipoota ming'oko, vile viazi vya porini vyembamba kama vidole. Mama yake alimwonyesha alipokuwa karibu kufa, akamfundisha kuchimba pembeni, kuacha shina, kufukia shimo. Majirani walimfuata mara nyingi, naye akawazungusha porini mpaka wakachoka.

Alichimba kwa kubana, ili ming'oko iwafikishe kwenye mvua nyingine, na kidogo akauza apate chumvi. Lakini Fakihi alianza kuvimba miguu, kisha uso, kisha akaacha kulia. Jamani, mtoto akiacha kulia, mama analala vipi? Dawa za mizizi hazikusaidia. Hospitali ya misheni iko kule chini Ndanda, na Mama Fakihi hakuwa na nguvu ya kumbeba hata nusu ya njia.

Ndipo mzungu wa majani akafika sokoni, kwa miguu, na mkalimani wake Basil, kijana aliyesoma shule ya misheni ya Chidya. Soko lenyewe lilikuwa aibu tupu: mapapai mabichi, ndimu, machungwa yaliyosinyaa. Mzungu aliinamia kila fungu, akanusa, akapasua, akalaza majani katikati ya magazeti taratibu kama anayelaza mtoto. Mama Fakihi akamtazama, akajua huyu ni mganga. Nani mwingine atatembea nchi nzima akikusanya majani na mizizi? Hata wewe ungewaza hivyo, usijifanye.

Mzungu akaokota mng'oko mmoja kikapuni mwa Mama Fakihi, akauliza mmea wake uko wapi, auone ulivyosimama ardhini. Watu wakacheka, maana swali hilo wamekuwa nalo miaka yote. Mama Fakihi akasema atampeleka, ila wakirudi amtazame mwanawe. Mzungu akakubali upesi, mawazo yake yote yakiwa kwenye mmea.

Walipoondoka, soko zima likawafuata. Mama Fakihi aligeuka njiani akaona majembe. Angeweza kuwazungusha kama kawaida yake. Akakumbuka miguu ya Fakihi, ngozi ilivyokuwa iking'aa, akashika njia iliyonyooka.

Mzungu alifurahi sana. Aling'oa mmea mmoja mzima, shina na viazi vyake, akaulaza kwenye magazeti. Nyuma yake watu walikuwa wameshaanza kuchimba, kwanza kwa haya, kisha kwa mikono miwili. Hawakuacha shina, hawakufukia. Mama Dadi, jirani wa Mama Fakihi, alikuwa akitafuna mbichi, na mchanga wake, na Mama Fakihi akashindwa hata kumtukana.

Nyumbani, mzungu alichuchumaa mbele ya Fakihi muda mrefu. Akasema maneno machache. Basil akatazama chini.

"Anasemaje, baba?"

"Anasema yeye si mganga, mama. Anajua mimea tu. Anasema mtoto ana njaa. Apate chakula."

Mama Fakihi alicheka, kicheko kibaya kisicho na mwisho mzuri. Alipomaliza, aliutazama ule mmea kwenye magazeti. Shina lilikuwa bado bichi, lingeshika udongoni. Lakini likishika, chakula ni mwakani, na mwakani atakula nani?

"Mwambie shina achukue. Viazi aniachie."

Mzungu akatoa kisu, akavikata kimoja kimoja, akamwekea kiganjani pamoja na kipande cha mkate wake. Hakuweza kumtazama usoni. Kisha wakaondoka.

Alivichemsha, akavimenya, akaviponda kwa vidole, akamtia Fakihi kinywani. Mtoto akakiweka chakula shavuni, akamwangalia tu.

"Meza, baba," akasema. "Imebaki hii. Meza."