Koti la Kwenda Nagano

Kabla hujaniambia kwamba ni majonzi yaliyonichanganya akili, nakuomba unisikilize mpaka mwisho. Daktari ameshaniambia hivyo. Padri naye kaniambia, kwa upole zaidi. Hutakuwa wa kwanza. Lakini mle chumbani nilikuwemo mimi, wao hawakuwemo, na jambo lenyewe lilitokea hapa hapa Toronto, jioni, taa zinawaka na wanawake wenzangu wanapika pilau jikoni.

Mume wangu, Baba Neema, alikuwa Mnyamwezi wa Tabora. Mimi ni Msambaa wa Lushoto, kwa hiyo baridi si mgeni kwangu, ila theluji ni kitu kingine jamani. Tuliishi ghorofani mtaa wa Mount Dennis, yeye akiendesha lori la mikate, mimi nikihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Theluji kwetu ilikuwa adha tu: kulifukua gari alfajiri, kusubiri basi mpaka pua inakufa ganzi. Sasa niambie wewe, mtu wa namna hiyo anaamkaje siku moja na kusema anataka kwenda likizo kwenye theluji? Tena Japani?

Nilimcheka mpaka mbavu zikaniuma. Yeye hakucheka. Akasema, "Theluji ya hapa naitumikia. Nataka nikaione mahali ambapo mimi ni mgeni."

Kumbe alikuwa na jambo lake la siku nyingi. Alipokuwa kijana Tabora alimsaidia kazi injinia mmoja wa Kijapani aliyekuja kuchimba visima, na yule bwana alikuwa na picha ya kwao, Nagano, milimani huko, theluji imefika kwenye mapaa ya nyumba. Alimwambia siku moja aje aione. Baba Neema hakuisahau hata siku moja.

Basi tukaanza kupanga. Binti yetu Neema, mtoto wetu wa pekee, alikuwa keshahamia Calgary kikazi, na chumba chake kikawa ofisi ya safari. Kila Jumapili tukitoka kanisani tunakaa pale, ramani ya Nagano ukutani, chai mezani, tunabishana. Yeye anataka treni, mimi nataka basi. Tukasoma kwamba kule unalala kwenye godoro sakafuni, akaguna, "Tumekimbia kulala chini Tabora, leo tunalipa nauli kwenda kulala chini." Nikasoma kuhusu nyani wanaokaa kwenye maji ya moto milimani. Nikamwambia mimi nyani nimewafukuza na mawe kwenye mahindi ya mama yangu, leo nisafiri mpaka Japani kuwatazama wakioga? Tulicheka sana kwenye chumba kile. Nadhani ndiyo miaka tuliyopendana zaidi.

Alijinunulia koti jekundu la skii, maana ndivyo wenyewe wanavyouita mchezo ule wa kuteleza juu ya theluji. Alilipata baridi inaisha, bei imeshushwa, na akaapa halitaguswa na theluji ya Toronto hata chembe. Likakaa kabatini na lebo yake. Mabuti ya skii alinunua mitumba, akawa anayavaa nyumbani ili yalainike, anapita kwenye korido ko, ko, ko, majirani wa chini wanagonga dari. Tulijifunza kuteleza kwenye kilima kidogo nje ya mji. Yeye aliteremka miguu imepanuka kama bata, lakini aliteremka. Mimi nilianguka, na zaidi ya kuanguka niliogopa kile kiti kinachoning'inia kwenye waya kukupandisha mlimani. Sikukipanda. Akawa ananiuliza kila Jumapili, "Mama Neema, kule kiti utapanda na mimi?" Nami namjibu tutaona.

Akafa Januari. Alianguka kazini, moyo, wakamkuta kalala pembeni ya lori lake. Asubuhi ile alitoka mimi nimelala. Hakuniaga, na mimi sikumuaga. Jambo hilo ndilo lililonila kuliko kifo chenyewe. Kila aliyekuja kunipa pole nilimwambia neno hilo hilo, hatukuagana, mpaka nafikiri niliwachosha.

Sasa hapa lazima nikueleze habari ya utani, kama hukukulia kwenye makabila yenye utani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako anakuja msibani wote mnalia, yeye anacheka. Anavaa nguo za marehemu, anatembea anavyotembea, anasema anavyosema, anamwambia mjane, "Mke wangu, nimerudi, chakula kiko wapi?" Na wafiwa hawakasiriki, ni mwiko kukasirika. Mnamrudishia maneno, mnamfukuza kwa mzaha, na katika kufukuzana huko watu wanapata kupumua. Mtani wetu hapa Toronto alikuwa Mzee Kondo, Mzaramo wa Kisarawe, anakaa Markham, mji wa jirani. Akiingia kwetu alikuwa anamwita Baba Neema mpagazi wake, na Baba Neema anamwita mpiga ngoma asiye na kazi. Kwa kuigiza watu alikuwa hatari. Kwenye msiba mmoja wa mzee wa Sikonge alimwigiza marehemu mpaka dada wa marehemu akamkumbatia.

Siku ile ya tatu ya msiba Mzee Kondo alikuwa amepiga simu kwamba anakuja jioni na tujiandae. Theluji ilikuwa inaanguka tangu mchana. Wanaume wote walikuwa wameshuka chini kusukuma gari la padri lililokwama. Rafiki yangu Stella na wenzake wawili walikuwa jikoni, na mimi walikuwa wamenilaza nipumzike chumba cha Neema, mwenyewe bado hajafika kutoka Calgary. Nikaamka, nikakaa kwenye meza yetu, naitazama ramani. Mlango wa nje hatukuufunga, msiba haufungiwi mlango.

Nikasikia mabuti kwenye korido. Ko, ko, ko.

Niamini, moyo ulinipasuka, halafu papo hapo ukatulia. Nikajisemea, Kondo huyo, kafika, kafungua kabati. Akaingia na koti jekundu, kofia ya koti imefunika kichwa, miwani mikubwa ya skii usoni, skafu mpaka puani. Kimo ni kile kile, wote wawili walikuwa wafupi wapana. Akavuta kiti cha Baba Neema, akakaa kama Baba Neema, mguu mmoja nje. Akavua glavu moja, akaweka mkono juu ya meza.

Mkono ule sikuutazama. Mume wangu alikuwa na kidole kilichopinda, kilibanwa na mlango wa lori zamani. Ningeshusha macho tu. Lakini nilikuwa nayazuia machozi, nikakaza macho ukutani.

Akasema taratibu, sauti imekauka, "Nimekuja kukuuliza safari."

Nikawaza, Kondo leo kanipania. Nikamrudishia: safari gani na wewe umeshafika mwisho wa reli? Hakucheka. Theluji inayeyuka mabegani mwake. Kisha akaniuliza, "Mama Neema, kile kiti utapanda?"

Niliumia. Niliona Baba Neema kamhadithia Kondo mambo yetu ya chumbani, na Kondo kayaleta msibani. Lakini mtani hakasirikiwi. Anajibiwa. Nikakusanya nguvu zangu zote nikamjibu kama utani unavyotaka, kwa sauti kubwa, nikijua jikoni wanasikia na watacheka.

"Sipandi, siendi, na maiti hapangi safari. Toka nyumbani kwangu."

Hakusogea. Nikampungia mkono kama ninavyofukuza kuku, toka, toka. Akainuka. Alivaa glavu yake polepole sana, akasema, "Haya, mama." Akatoka. Sikusikia mlango.

Nilikaa pale nikisubiri vicheko vya jikoni. Kimya. Akaja Stella, mwiko mkononi, uso umemshuka, akaniuliza nilikuwa namkaripia nani. Nikamwambia huyo Kondo wenu, hamkumwona akipita? Akasema hajapita mtu. Walisikia sauti yangu tu. Na simu ilikuwa imelia sasa hivi, Mzee Kondo anaomba radhi, barabara imefungwa, yuko bado nyumbani Markham na amerudisha gari.

Nilikwenda kwenye kabati la korido. Koti lilikuwa limetundikwa mahali pake, lebo inaning'inia kwenye mkono. Nikaligusa mabegani. Lilikuwa limelowa chapachapa, na maji bado yanadondoka. Stella naye aliligusa. Muulize, yuko hai, ila atakwambia hataki kulizungumza.

Nililia siku ile kilio ambacho sikukililia kifo chenyewe. Mtu alikuwa ametoka huko waliko marehemu, kaja kuniaga, kwa neno lake lile lile la kila Jumapili. Nilichokuwa nakililia kwa watu wote nililetewa mpaka mezani. Nikakifukuza.

Tulimsafirisha akazikwa kwao. Tangu hapo nimemwita mara nyingi, sikufichi. Nimekaa kwenye meza ile mchana na jioni, mlango wazi, nikisema nitapanda, Baba Neema, nitapanda chochote. Hakuja tena. Japani sijaenda. Kila baridi Neema ananipigia, ananiambia kwa Kiingereza chake twende wawili tukaitimize safari ya baba. Namwambia tutaona, halafu nashika mdomo.

Kwa muda mrefu sikuthubutu kumweleza Mzee Kondo. Nilipomweleza, mzee mzima alilia mbele yangu bila kujificha. Tangu siku hiyo hajatania kwenye msiba wowote. Watu wanamshangaa, wanamwita, wanasema msiba umepooza bila yeye, naye anakaa kwenye kiti nyuma kabisa na kofia yake mapajani. Nilimwomba aache, nikamwambia kosa si lake. Akanijibu, "Sitaki mtu mwingine afukuzwe kwa sababu alidhaniwa ni mimi."

Basi na wewe uliyenisikiliza, ukifiwa, na akaja mtu kwenye sura ya mtu wako, usiwe mwepesi wa ulimi. Mkaribishe. Mtazame mikono. Anachokuuliza, mjibu vizuri, mjibu ulivyokuwa ukitaka kumjibu. Akiwa ni mtani, watu watakucheka kidogo, na kucheka msibani si aibu. Asipokuwa mtani, hatarudi kukuuliza mara ya pili.